Papa Zéphyrin na Safari ya Mushaki Iliyokuwa Haijaisha

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 2022, Papa Zéphyrin Bakungu anastaafu baada ya kuitumikia Mutuelle yetu ya Wasafirishaji wa Milimani, chama chetu cha bima, kwa miaka thelathini na mmoja. Kati ya hiyo, tisa aliifanya Walikale na ishirini na miwili hapa Sake, daima katika kazi ileile: kuchunguza ajali, kisha kutuambia ukweli wake, upendeze usipendeze.

Alizaliwa Ngungu, katika familia ya wakulima. Aliingia mutuelle akiwa karani wa kupiga mashine, lakini mkubwa wake wa kwanza aligundua kwamba kijana huyu hakuridhika kuandika ajali aliyosimuliwa tu. Alitaka kwenda kuiona. Akapewa mabuti, koti la mvua na barabara mbaya kuliko zote za jimbo.

Wazee wa Walikale bado wanamcheka kwa dosie moja, faili ya ajali, ya huko. Mwanachama mmoja alidai pikipiki yake imemezwa na mto, na mashahidi watano wakaapa kwamba waliiona ikizama. Papa Zéphyrin alitembea msituni siku tatu, akalala kwa watu, akala walichokula. Aliporudi aliandika ripoti fupi kuliko zote katika kabati letu: “Pikipiki haikuzama. Injini yake iko inasaga muhogo kijiji cha pili.”

Jambo jingine lazima lisemwe, hata kama atakasirika. Mtu huyu aliyechunguza ajali za pikipiki mamia kwa mamia anaogopa sana pikipiki. Kila dereva wa Sake anamjua kwa maneno yake: “Polepole, kaka. Nyumbani wako wananingojea.” Safari ya saa moja, naye inakuwa mbili.

Lakini tukiulizwa kwa nini tunajivunia kufanya kazi pamoja naye, wote tutataja dosie ya Mama Mukasine. Mimi niliishika kwa mikono yangu, kwa hiyo nitaisimulia jinsi ilivyokuwa.

Mukasine ni mkulima wa maharagwe, mjane, mwenyeji wa Mushaki. Agosti mwaka jana alikuja Sake kumwona binti yake. Wakati wa kurudi, binti alimwitia pikipiki kwa simu, kwa kampuni moja ya usafiri iliyokuwa imeanza kazi hiyo karibuni. Dereva alikuwa Élysée, baba wa watoto wawili. Katika kona ya matope chini ya Mushaki, pikipiki iliteleza ikagonga lori lililosimama. Élysée alichubuka. Mukasine alivunjika mguu mara mbili. Waganga walisema asipopasuliwa mapema hatasimama tena shambani.

Kampuni ile ilikuwa imekata bima kwetu: abiria analindwa tangu safari inapoanza hadi inapokwisha. Élysée naye alikuwa na bima yake ndogo, ila hiyo ilikataa wazi kubeba abiria wa kulipa. Basi kila kitu kilitegemea swali moja: safari ilikuwa imekwisha ao bado?

Mashine ya kampuni ilijibu kwamba safari ilifungwa dakika kumi na moja kabla ya ajali. Kampuni ikasema Élysée ameifunga mwenyewe kwa simu yake ili achukue nauli yote bila wao kujua. Kwa maneno mengine, Mukasine hakuwa tena abiria wao, na jukumu lote lilimwangukia dereva. Polisi walishika pikipiki. Élysée aliitwa mbele ya sheria. Alikuja ofisini kwetu, akakaa kwenye benchi, akarudia sentensi moja tu: “Papa, miye sikugusa ile simu. Mikono yangu yote ilikuwa ku gidoni, inashika usukani.”

Nakiri kwamba sikumwamini. Kila dereva aliyekosa husema hivyo. Makao makuu ya Goma yalituagiza tufunge dosie, na barua ya kumkatalia Mama Mukasine niliiandika mimi. Ilibaki sahihi ya Papa Zéphyrin.

Aliisoma barua, akaiweka kando, akatazama karatasi ya kampuni iliyoonyesha saa na mahali safari ilipofungwa. “Estelle,” akaniambia, “kama unataka kuibia kampuni nauli, unafunga safari wapi? Ku Sake, mbele ya kuondoka. Huyu amefunga katikati ya mupando wa mlima, pahali hapana hata nyumba. Vaa mabuti.”

Tulienda sokoni Sake. Akaita pikipiki ya kampuni ileile kwa simu, yeye abiria, nami nikafuata kwa nyingine. Alimwomba dereva afungie simu yake ndani ya mfuko wa koti, asiiguse hadi Mushaki. Tulipanda. Baada ya kona za kwanza mtandao ulikatika, kama unavyokatika kwa kila mtu anayepita pale. Tulipofika juu, simu ilipotolewa mfukoni, ilikuwa imeandika: safari imekwisha. Hakuna mtu aliyeifunga. Mashine ilipokosa mtandao kwa dakika kumi iliamua yenyewe kwamba wamefika.

Mimi nilipiga kelele za furaha. Yeye aliandika saa kwenye daftari, akasema: “Mara moja haitoshi.” Tuliirudia safari ile mara tatu zaidi, siku tofauti, madereva tofauti, na shefu wa kijiji pamoja na polisi mmoja wakitia sahihi kwamba wameona. Mara zote nne ilikuwa vilevile. Nilimwona jinsi alivyoshika koti la dereva kwa hofu katika kila kona, na kila kesho yake akapanda tena.

Ripoti yake haikumpendelea mtu. Aliandika kwamba Élysée alikwenda mbio kuliko matope yalivyoruhusu, kwa hiyo kosa la kuteleza ni lake. Na kwamba ni kwa ajili ya makosa kama hayo watu hununua bima. Aliandika kwamba abiria alikuwa bado juu ya pikipiki, kwa hiyo safari ilikuwa haijaisha, na mutuelle inapaswa kulipia matibabu yake.

Mkurugenzi wetu, Papa Michel, alipiga simu kutoka Goma. Papa Zéphyrin aliweka sauti wazi ili nisikie.

“Umebakiza mwaka moja tu ya kazi,” mkurugenzi alisema. “Unatumika kwetu ao kwa yule mama?”

“Kwetu, Papa Mkurugenzi. Njo maana sitaki watu wa milima waseme bima yetu inakufa pahali mtandao inakufa.”

Nilimwona Papa Zéphyrin akipangusa jasho, kwa kuwa alijua wengine walihamishwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Kisha mkurugenzi akasema: “Nakuja. Unipeleke pale.”

Alikuja kweli, na mwanasheria wa kampuni ya pikipiki pamoja naye. Walipanda wenyewe. Juu ya mlima waliitazama simu yao ikisema wamefika, nao bado wamekaa juu ya pikipiki katikati ya matope. Mwanasheria alicheka kwanza, akafunga faili lake.

Mutuelle ililipa, na Mukasine alipasuliwa wiki ileile. Msimu huu alipanda maharagwe mwenyewe, kwa fimbo bado, lakini kwa miguu yake miwili. Élysée alirudishiwa pikipiki, na jina lake likasafishwa kwa barua. Tangu Januari, kila mkataba wetu unasema kwamba safari huanza abiria anapopanda na huisha anaposhuka, hata mashine iseme nini. Kifungu hicho ni cha Papa Zéphyrin. Nami ile barua yangu niliichana mbele yake, na hakunikaripia. Alinifundisha tu kwenda kuona kwanza.

Papa Zéphyrin, asante kwa miaka yako na kwa magoti yako uliyoyachosha kwa ajili ya watu usiowajua. Mungu akulinde wewe na mkeo Mama Anne huko Ngungu, mashamba yenu yazae, na wajukuu wakuchoshe kuliko tulivyokuchosha sisi. Ofisi ya Sake inakutakia uzee wenye afya na amani. Jumatatu kuna ajali ya kuchunguza huko Shasha. Nitaenda mimi, na mabuti yako tayari yako kabatini kwangu.

Estelle, kwa niaba ya wenzako wote