Orodha Yenye Jina Moja

Benchi lilikuwa nje ya studio ya picha, limeegemezwa ukutani kwa sababu mguu mmoja ulishakata tamaa. Hapo ndipo Fundi Nyaya alipokimbilia saa nne asubuhi, laptopu mapajani, kikombe cha kahawa mkononi, jasho shingoni. Wiki nzima alikuwa amemsifia dada yake, mwenye studio, lile sanduku jipya la kuhifadhia mafaili: picha zote zikae humo, kompyuta tatu za studio zizichote kwa mtandao, flashi zitupwe. Dada alikubali, flashi zikafutwa. Leo kila kompyuta ikigusa sanduku inajibiwa: huna ruhusa. Na picha za harusi zinatakiwa saa tano, maana bibi harusi anasafiri mchana.

— Fundi! — dada aliita kutoka ndani. — Saa tano ikipita hazijafunguka, usije ukaniambia tena habari za mtandao. Bora nibebe flashi kwenye ndoo!

— Dakika mbili tu, dada.

— Hizo dakika mbili zako zina watoto sasa, — alisema Kinyozi, aliyekuwa amekaa benchini na wenzake wawili. — Kwani tatizo nini?

— Sijui. Kwangu inafungua vizuri kabisa. Tazama.

Aliwaonyesha. Kweli, kwenye laptopu yake picha zilijipanga safi. Hilo ndilo lililomuuma: chombo kinamtii yeye, kinamwaibisha mbele ya ndugu yake.

— Waya wa kutoka kwenye sanduku una kona ngapi? — aliuliza Mzee Redio, aliyetengeneza redio miaka thelathini na hajawahi kukubali kwamba zimepungua.

— Nne.

— Basi! Umeme ukikata kona unapunguza mwendo. Kona ya nne unafika umechoka, unaambiwa rudi.

— Mzee, acha hizo, — alidakia Breki, dereva wa pikipiki. — Shida ni uzito. Ile harusi nilikuwepo. Picha moja ina mashangazi kumi na wawili. Waya mwembamba vile upitishe mashangazi kumi na wawili?

— Wapite mmojammoja, — alisema Kinyozi.

— Shangazi gani atakubali kutanguliwa na mwenzake?

Fundi Nyaya alicheka, kisha akajikuta anauchungulia waya dirishani, akiukadiria unene. Mtu mwenye cheti! Akajionea haya, akanywa kahawa.

— Mimi naona sanduku limenuna, — alisema Kinyozi. — Ulipolileta hukulitambulisha kwa zile kompyuta za zamani. Mgeni anapewa kazi kabla ya kusalimiwa?

— Nilizima, nikawasha, mara tisa.

— Ndiyo salamu hiyo? Hata mimi ningenuna.

Mama mmoja mwenye mkoba mkubwa alikuwa amesimama pembeni, akisikiliza.

— Hamjambo wanangu. Nimefuata picha za harusi. Mimi shangazi wa bibi harusi.

Breki alitazama viatu vyake mwenyewe.

— Hatujambo, shikamoo shangazi, — alisema Fundi. — Zipo, ila sanduku linakataa kuzitoa.

— Linamkataa kila mtu?

— Mimi linanikubali.

— Kwani mwanangu, nani aliliandikia orodha ya wa kuwakubali?

Mzee Redio akaitazama kahawa yake kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Fundi akahisi masikio yanapata moto. Orodha! Siku ile ya kulifunga alijigamba kwamba hata mwizi hataingia, akaandika laptopu yake tu, ya kujaribia, akaenda kula.

Alifungua ukurasa wa ruhusa, shangazi akiinama begani kwake. Mstari ulikuwa mmoja. Akaongeza mitatu chini yake, kompyuta moja baada ya nyingine, vidole vikigongana, akahifadhi.

— Zimefunguka! — dada alipiga kelele ndani. — Zote tatu! Mwambieni shangazi aingie achague!

— Waya ulikuwa umepumzika, — alisema Mzee Redio.

Shangazi hakuingia. Alikuwa bado anasoma kioo, kidole kwenye mstari wa juu.

— Hizi tatu nimezielewa, ni za studio. Na huyu aliyekuwa anaruhusiwa peke yake, Mfalme wa Mitandao, ni nani?

Kinyozi alimtazama Breki. Breki alimtazama Mzee Redio. Fundi Nyaya aliinua kikombe anywe funda refu, akakuta kahawa imekwisha.