Kiganja cha Mariamu

Kijiwe kilikuwa mkabala na karakana ya Brashi, mchoraji. Tangu asubuhi wenye kijiwe walikuwa wamekodolea macho ubao aliouchora, uliosimamishwa ukutani: malaika kamjia Mariamu na habari, kanyoosha vidole viwili, naye Mariamu kainua kiganja usawa wa bega. Padri angekuja kuuchukua jioni. Brashi alikunywa kahawa pamoja nao. Mkewe alikuwa kwa mama yake tangu wiki iliyopita, na nyumba isiyo na wa kukugombeza, asikwambie mtu, hailaliki. Kijiwe kizima kilijua hilo, na kwa adabu ambayo si kawaida yao, wakajadili kiganja.

— Hapo anamsimamisha, alisema Refa, aliyestaafu uwanjani lakini filimbi bado iko shingoni. Malaika kaotea. Kaingia bila hodi.

— Aliingiaje? Kitasa, fundi makufuli, akadakia. Mlango haukuwa na komeo. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Hayo yanahusu nini?

— Angekuwa na komeo, angepona.

Buli, muuza kahawa, akamimina duru nyingine.

— Nyie hamjui biashara. Malaika anaagiza vikombe viwili. Mama wa watu anamwambia, lete vitano, nyumba ina wageni.

— Malaika anywe kahawa?

— Katoka mbali yule. Na kaja bila zawadi, mkono mtupu haulambwi.

Brashi akacheka, kahawa ikampalia. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, akapita na kapu lake. Akasalimia, akautazama ubao, akasogea karibu.

— Shemeji, huu si mkono wa dada?

— Ni wake. Ndivyo alivyouinua pale mlangoni, begi begani.

— Sasa alikuwa anakuaga, au anangoja useme neno?

Refa akatazama filimbi yake. Brashi aliona aibu hasa: mistari yote ya kiganja kile aliikumbuka, hata kovu la kisu kwenye kidole gumba, na siku ile hakukijibu chochote.

Akaweka kikombe chini.

— Padri akija, mwambieni rangi mbichi.

— Mbona imekauka? Buli akauliza.

— Basi mwambieni mchoraji hayupo. Shemeji, dada yako yuko nyumbani kwenu saa hizi?

— Yupo. Na leo tena kaniuliza kama unakula.