Matusi ya Bibi

Mama aliyeketi mbele yangu basini alikuwa akimlalamikia muuguzi aliyekaa naye, ingawa walikuwa wamekutana humo humo. Binti yake anaomba shahada ya uuguzi, waombaji ni wengi kama siafu, na maombi yanafungwa leo jioni. "Wanataka aeleze kwa nini anaipenda kozi. Kaandika eti alimwogesha bibi yake mgonjwa mwaka mzima, akitukanwa kila asubuhi, na hakumkimbia. Nimeyafuta! Nimeweka kwamba anapenda kuhudumia jamii."

"Jamii kila mtu anaipenda," muuguzi alisema. "Mrudishe bibi."

"Nimwanike mama mkwe wangu mbele ya maprofesa? Nyumba yetu ina heshima zake, dada!"

"Basi heshima ndiyo ikasome. Sisi wodini tunatukanwa hata chai hatujanywa. Wanatafuta atakayebaki."

Nilijifanya natazama nje, shingo ikiniuma kwa kusikiliza.

Basi likapunguza mwendo. Mama akainuka, simu mkononi, uso kaukunja. "Haya, tuseme nimeyarudisha. Wakimwita kwenye usaili, wakamuuliza ni matusi gani?"

"Ayataje."

"Wewe huyajui yale matusi!" alisema, na mlango ukafunguka.