Mheshimiwa Jino la Abdalla Ang'atuka

Baada ya miaka sita ya utumishi katika kinywa cha Abdalla wa Watamu, Mheshimiwa Jino la Mbele la Chini alistaafu Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Klabu ya Sayansi imeniomba mimi Sahla, dada yake Abdalla, niandike wasifu huu, kwa kuwa niliishi naye karibu hata nisipotaka.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumng'ata mama. Baadaye alipandishwa cheo, akakabidhiwa mahamri, embe bichi na kifuniko cha kalamu yangu.

Mwaka huu jino jipya lilipokua chini yake, liliita wabomoaji: seli kubwa zenye viini vingi. Hujibandika kwenye mzizi, humwaga asidi ya kuyeyusha madini, kisha hukata nyuzi zinazosalia. Zinapopumzika, seli nyingine huja kuziba mashimo. Ndiyo maana Mheshimiwa alilegea wiki moja, wiki ya pili akakaza. Kila alipokaza, Abdalla alitangaza kwamba amepona kwa maji ya chumvi ya Bibi Kaltuma. Bibi alizipokea sifa zote.

Lakini jino jipya lilikuwa limeshachomoza kwa nyuma, kama mgeni asiyepewa kiti. Mama akaapa kwamba Jumatatu watakwenda Malindi, Mheshimiwa akang'olewe kwa koleo. Kwa kuogopa koleo, Abdalla akawa haonyeshi meno. Wenzake hawakumhurumia: "Kibogoyo mtarajiwa, hebu cheka tuone!" Mheshimiwa hakuwa na mzizi tena, alining'inia kwa kipande cha ufizi, na kiti hakuachia. Viongozi wa namna hii tunao.

Jumamosi Abdalla alijisahau akafyonza mabuyu. Alipotema mbegu, pengo likaonekana. Rangi nyekundu ya mabuyu ilikuwa imevipaka vyote, jino na mbegu, hivyo akaokota kimoja upesi, akakirusha juu ya paa akiomba jino jipya, nasi tukapiga makofi. Bibi alipofagia mbegu zilizobaki kuzipeleka jaani, akakuta moja ina makali ya kung'atia. Kumbe tuliyemuaga kwa heshima zote ni mbegu ya buyu.

Safari ya Malindi imefutwa. Ulimi unalisukuma jino jipya mbele kidogo kidogo, na Abdalla anacheka mdomo wazi.

Mheshimiwa, ahsante kwa kumshikia mwenzio nafasi, ingawa ulikawia kumpisha. Ustaafu wako uwe wa raha huko jaani, na tafadhali usiombe kuongezewa mkataba.