Verda Kostelnik Hakuwasamehe Waliobomoa Sinema Yetu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Verda Kostelnik, mwenzetu wa hapa hapa Tollen, Ohio, aliyezikwa Jumamosi. Sitawaambia kwamba alikufa akiwa ameridhika. Verda alikufa na hasira yake, na mdogo wake, Rosalie, ameniomba nisiipake sukari.

Baba yao, Emil, alikuwa mchomeleaji katika kiwanda cha chuma. Yeye na wenzake ndio waliousimamisha ule ukuta mweupe wa chuma wa kuonyeshea picha katika sinema ya magari kwenye barabara ya Pike, ambako watu hutazama wakiwa ndani ya magari yao. Wengi wetu tumekulia pale. Baba anaegesha, redio ya gari inafunguliwa ili sauti ya picha isikike, watoto wamejazana nyuma na nguo zao za kulalia, na picha inaanza giza likiingia.

Verda akiwa msichana aliuza bisi na soseji kwenye kibanda cha pale pale. Kijana mmoja, Dale Kostelnik, akawa anakuja kila mara kununua soda asiyoinywa. Verda akamwambia, "Wewe, kama una kiu, kunywa. Kama una neno, sema." Dale akasema. Wakaoana.

Kisha kiwanda kikafungwa. Dale akapata kazi Arizona, wakahamia huko, wakakaa zaidi ya miaka thelathini. Ohio haikumtoka mdomoni. Jirani yake alizoea kumtania: "Verda, hiyo Ohio yako ni mvua, matope na kiwanda kilichokufa. Unalilia nini?"

"Nalilia matope yangu," Verda alikuwa akimjibu. "Ninyi mna mchanga. Nani anaulilia?"

Dale alipofariki, Verda alirudi nyumbani. Sinema ilikuwa bado inaonyesha. Rosalie anakumbuka: "Jioni ya kwanza nilimpeleka. Akateremsha kioo, akanusa bisi na nyasi zilizokatwa, akaniambia, 'Rosa, usinisemeshe.' Picha yenyewe ilikuwa ovyo. Aliitazama yote."

Sasa sikilizeni vizuri. Mwenye uwanja alipokufa, ardhi ile iliingia mikononi mwa madiwani wetu. Waliahidi mbele ya watu kwamba sinema haitaguswa. Haitaguswa. Hilo ndilo neno walilolitumia. Haukupita muda, tukasikia kuna kampuni imeahidiwa uwanja huo ijenge ghala.

Verda akaenda kwenye kikao. Diwani mmoja akamtabasamia. "Mama, tunakuelewa. Kumbukumbu ni kitu kizuri."

"Kumbukumbu ni ya aliyekufa," Verda akasema. "Ile sinema iko hai. Ijumaa ilijaa mpaka magari yakarudishwa. Wewe ndiye unayetaka kuiua, na unanipa pole kabla ya msiba."

Ukumbi ulipiga makofi. Kisha watu wakaenda kula chakula cha jioni.

Asubuhi tingatinga lilipoletwa, lilimkuta Verda ameegesha gari lake chini ya ukuta, milango imefungwa. Akatumwa askari kijana, Curtis Dunham, ambaye wazazi wake walikuwa wakimleta pale tangu akinyonya.

"Bibi Verda, tafadhali, usinitie aibu."

"Aibu si yako, Curtis, wala si yangu. Waambie wenye nayo waje wenyewe."

Hawakuja. Tingatinga likaondoka, na mji mzima ukasema Verda ameshinda. Jumapili, wakati yuko ibadani, likarudi. Narudia, wasikilizaji: Jumapili, wakati wa ibada. Walimvizia mjane akisali.

Rosalie anasema dada yake hakulia. Alisimama kwenye vumbi na viatu vyake vya kanisani, akatazama vyuma vilivyopindapinda. "Baba alivichomelea hivi kwa mikono yake," akasema. "Na hawa hawawezi hata kumtazama mtu usoni."

Na ghala? Halikujengwa. Kampuni ilikwenda kwingine. Leo pale pana magugu na kifusi. Kwa miaka minne, kila kikao cha madiwani, Verda alikaa safu ya mbele na kuuliza swali moja: "Liko wapi ghala?" Walisogea kwenye ajenda inayofuata. Waliguna. Wengine walicheka. Hakuna aliyemjibu mpaka moyo wake uliposimama.

Jumamosi, yule diwani wa tabasamu alikuja mazikoni na shada la maua. Rosalie alimkuta mlangoni mwa kanisa. Nilikuwa nyuma yao. Rosalie alizungumza taratibu kabisa.

"Dada yangu alikuuliza swali miaka minne. Nijibu mimi, kisha uingie."

Diwani alitazama viatu vyake. Akageuka, akarudi na shada lake garini.

Kwa Rosalie, kwa wanawe Verda waliosafiri kutoka Arizona, na kwa wote waliompenda, poleni sana. Mungu ampe Verda pumziko, ingawa sidhani kama ataacha kuuliza.

Nasi tuliobaki tutafakari. Makofi yetu yalimsaidia nini? Rosalie ameniambia kikao kijacho atakwenda yeye kuuliza. Nikamuuliza anakwenda na nani. Akasema bado hajajua.