Dumu la Semeni

Kwenye boti ya Kagunga, Semeni alipakata dumu la mafuta ya taa kama nilivyompakata mwanangu. Mzee Swaibu, ambaye tangu Kigoma alikuwa ameshanifundisha hata kunyonyesha, akamuuliza ni ya nini.

"Nyigu, mzee wangu. Wamejenga juu ya mlango wa jiko. Jana wamemuuma kichanga cha mgeni wangu, jicho limefumba kabisa."

"Mbona rahisi! Jioni wakitulia, funga tambara kwenye mti, lowesha mafuta, washa, wachome."

"Mgeni mwenyewe mkimbizi, analala humo jikoni. Ananiambia, dada, moto mlangoni hapana. Kwao walichomewa nyumba wakiwa ndani."

"Si atoke nje kwanza?"

"Hataki. Anasema waliotoka ndio waliokatwa mapanga."

Mzee akageuka kutazama maji. Nikamfunika mwanangu vizuri, ingawa jua lilikuwa kali.

Boti ikagusa mchanga. Semeni alimshikisha mzee dumu, akashuka, maji yakamfika magotini, akanyoosha mikono alipokee. Mzee hakumpa.

"Lete, mzee wangu," alisema Semeni taratibu. "Mtoto amebakiwa na jicho moja."