Pikapu ya Serafim Isiyopita Kipimo

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize. Gilberto, zima hiyo runinga. Odília, acha mto, umeniinua vya kutosha. Nataka kusema haya nikiwa na akili zangu timamu, na msinikatize mpaka ninyamaze mwenyewe.

Nyumba hii ni ya Odília, kwa kuwa yeye ndiye aliyerudi kukaa nami macho yangu yalipofifia. Shamba la milozi na zizi ni vya Gilberto. Hayo mliyajua, na hamjapata kuyagombania, nami nawashukuru. Mnachogombania ni pikapu ya baba yenu Serafim, mmoja anataka isagwe, mwingine anataka iendelee kutembea. Ng'ombe wetu wa maziwa walipouzwa hakuna aliyelia, lakini kwa ajili ya gari lililosimama chini ya mabati hamjasemezana tangu Kwaresima, mmoja akiingia kwa mlango wa mbele, mwingine anatokea wa jikoni. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa safari hii ni yule mwenye mashine ya kusaga vyuma chakavu.

Niwakumbushe jambo lilivyokuwa, maana kila mmoja wenu anajua nusu yake. Gilberto, ulizaliwa huna pumzi. Baba yenu alikwenda kupiga goti mbele ya Taji la Roho Mtakatifu, akaahidi kwamba ukiishi, yeye na watoto wake watayabeba masufuria ya supu ya Pentekoste kwa gari lao, nyuma ya maandamano ya Taji, kutoka ukumbini hadi kanisani yakabarikiwe na kurudi supu ikaliwe, kila mwaka. Ukaishi. Pikapu ikanunuliwa mwaka huohuo, sabini na nane. Ahadi ni deni, wanangu, na deni la namna hii halifutiki kwa kifo cha aliyelikopa.

Sasa, injini ile ilikuwa na pampu ndogo ya hewa, imefungwa kiwandani ili kupunguza moshi. Mwaka mmoja mkanda wake ukaanza kulia. Wasichana wa maandamano wamevaa majoho ya mahameli, bendi imenyamaza ili watu wasali, na nyuma yao gari linapiga yowe kama nguruwe aliyebanwa na mlango! Padre akageuka, akageuka tena. Jioni baba yenu akaifungua pampu, akaitupa, akafunga mkanda mfupi zaidi, akasema, "Sasa itasali kama Mkristo." Najua watu wengine wangebadilisha mkanda tu. Lakini sisi tuliotoka kisiwa cha Terceira, kitu kikishaivuruga sala, hatukipi nafasi ya pili.

Miaka mingi wapimaji wa moshi waliinua boneti wakafumba macho. Kisha serikali ikakaza uzi. Harjit, fundi wa kupima moshi, alipoipima mara ya mwisho, alinijia amekunja uso. "Mama, moshi wake ni safi kuliko wa gari langu mwenyewe. Lakini kompyuta inaniuliza, pampu ipo? Nijibu nini?"

"Jibu kwamba ilikuwa inapiga kelele kanisani."

"Mama, hapa kuna ndiyo na hapana tu."

Akabonyeza hapana, kibali tukanyimwa, na sikumlaumu, ana watoto. Tukaenda kwa mwamuzi wa serikali anayesikiliza kesi za magari yaliyoanguka kipimo, kijana mpole, akatuambia tutafute pampu ya kiwanda. Kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani. Tukatafuta kwa wauza vipuri bonde zima, tukapata moja, imeganda kwa kutu. Tukarudi kuomba msamaha wa sheria, akasema maadamu moja imeonekana, basi zinapatikana. Na jirani yetu hapo ng'ambo ana gari la mwaka sabini na mbili, likipita mbwa wanapiga chafya, nalo halipimwi kabisa, kwa sababu sheria imeyasamehe yaliyotangulia sabini na sita! Sheria ni msumeno, wanasema, lakini huu wetu una meno upande mmoja.

Hata hivyo sitaki mwitukane serikali juu ya kaburi langu. Nakumbuka miaka ambayo hatukuiona milima kwa moshi, na wewe, Gilberto, ukilala umekaa kwa pumu. Najua ndiyo maana unataka tuwape watu wa vyuma chakavu wakaisage. Anayetaka hewa safi si adui yangu. Kinachoniuma ni kwamba waliupima moshi, wakauona safi, halafu wakasema haidhuru, tuonyesheni pampu.

Binamu yenu Adelino alikuja na hila yake. "Shangazi, nina rafiki. Tunaweka ekzosi ya gari jipya kwenye mashine, karatasini tunaandika pikapu. Nani atajua?"

Nikamwambia, "Na siku askari akikusimamisha umelewa, utapuliza kipimo kwa mdomo wa nani?"

Akacheka, hakurudia. Odília, wewe hukucheka, nilikuona, ulikuwa unafikiri. Acha. Njia ya mwongo ni fupi, na baba yenu hakumwahidi Roho Mtakatifu gari la kughushi.

Basi sikilizeni neno langu. Pikapu ni yenu wote wawili, na haitasagwa. Haitaghushiwa. Wala injini haitawashwa barabarani pasipo kibali. Gilberto, una maksai wawili uliowafundisha kwa maandamano ya sikukuu, yale ya kugawa maziwa. Wafunge nira mbele ya pikapu. Usinitazame hivyo! Nilimwuliza yule askari anayefunga barabara siku ya sikukuu, "Gari lisilo na stika ya kibali, injini imezimwa, linavutwa na maksai, utaliandikia kosa gani?" Akakuna kichwa. "Bibi, hiyo itakuwa mkokoteni. Mkokoteni sina pa kuuandika."

Nipeni maji. Kidogo tu.

Injini ikizimwa, usukani unakuwa mzito na breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Odília, wewe utashika usukani. Pale daraja la mfereji linapoteremka utakanyaga breki kwa miguu miwili, na hutajua lini ukanyage, kwa kuwa mbele utaona makalio ya maksai tu, mpaka ndugu yako akuambie. Na wewe, Gilberto, utakuwa mbele na fimbo, hutajua kama gari linawajia wanyama miguuni, mpaka dada yako apige kelele. Masufuria yamejaa, yanachemka, watu wako pande zote. Mkinuniana pale, mtaunguza watoto wa watu.

Ndiyo maana nimewagawia kazi hivyo. Sina... sina namna nyingine ya kuwapatanisha.

Mnizike kando ya baba yenu, bila maua ya dukani. Nanaa kwenye supu iwe nyingi. Leteni vichwa vyenu hapa. Mkono wangu mzito, uinueni... hivyo. Roho Mtakatifu awafunike, nyinyi na watakaokula kwa mikono yenu. Awape pumzi. Pumzi ndefu, Gilberto.

Sasa nataka kusikia. Mwambie dada yako, tuseme mko darajani... mwambie akanyage.

Kwa sauti, mwanangu.

Na wewe, Odília... mjibu.

Ndiyo... Ndivyo.